Hita ya miaka 19: utengeneze au ubadilishe?
Dada, umeuliza kuhusu hita yako ya kupasha nyumba joto: miaka 19 kwa hita ya gesi ni uzee, nyingi huishi miaka 15 hadi 20. Ila umri peke yake usikutishe. Kilichoharibika ni nini? Kama ni kiwashio au feni, tengeneza tu, umalize nayo msimu wa baridi kali ya Minnesota, Marekani. Fundi akisema chemba ya moto imepata ufa, hapo hakuna mjadala, badilisha: kwenye ufa huo inaweza kuvuja gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na inaua watu usingizini. Lakini mwambie akuonyeshe huo ufa kwa kamera, maana wengine wanataka kuuza tu. Yangu ilinigomea Januari, tukalala na makoti siku mbili, na bei ya dharura niliyolipa sitaki hata kuikumbuka. Ulizia bei kwa mafundi watatu sasa, kabla theluji haijaanza.