Maswali na majibu: Tunamdai mnyama, naye anatudai

Tangu niandike hapa kwamba mnyama ana haki yake kwetu, barua zimekuwa nyingi, na baadhi ni kali. Leo najibu tano.

Nauza kuku Kongowea, hapa Mombasa. Wateja huwafunga miguu na kuwaning'iniza kwenye usukani wa pikipiki hadi Mtwapa. Kuku mwenyewe atachinjwa jioni hiyo hiyo. Kuna ubaya gani?

Ubaya upo, na haupungui kwa sababu atachinjwa. Saa hizo chache ndizo zote alizobakiwa nazo. Kuku hana kiwambo cha kutenga mapafu na tumbo kama sisi. Ukimgeuza kichwa chini, matumbo yanaelemea sehemu za kupumulia, ndiyo maana unamwona ameachama mdomo na mbawa zimemlegea. Watu husema ametulia. Hakutulia, amechoka kupigana.

Sheria yetu ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kuwa ni kosa kumsafirisha mnyama kwa namna ya kumtesa bila sababu. Lakini usingoje askari. Weka matenga madogo hapo kibandani, mteja aache pesa kidogo ya amana, arudishiwe akileta tenga. Kuku anatoka mkononi mwako, kwa hiyo anavyotoka ni juu yako.

Shikamoo, mwalimu. Nasoma falsafa chuoni. Tumefundishwa kwamba kwa Kant, mwanafalsafa Mjerumani, hatuna wajibu kwa mnyama mwenyewe, ila ukatili ni mbaya kwa kuwa humzoesha mtu kuwa katili kwa watu. Naona hoja hiyo yatosha. Mbona wewe huikubali?

Marahaba, mwanangu. Kant alitoa mfano wa mbwa aliyemtumikia bwana wake hadi akazeeka. Bwana akimpiga risasi kwa kuwa hafai tena, kwa Kant hajamkosea mbwa, maana mbwa hawezi kuhukumu. Ameuharibu utu wake mwenyewe, utu anaodaiwa na wanadamu wenzake. Ni afadhali kuliko Descartes, mwanafalsafa Mfaransa aliyewaona wanyama kuwa kama mashine. Lakini jiulize: mbona kumpiga mbwa kunaufanya moyo uwe mgumu, na kupiga zulia kutoa vumbi hakuufanyi? Ni kwa kuwa mbwa anaumia na anayempiga anajua. Ugumu wa moyo ndio huo, kuyajua maumivu na kuyapuuza. Basi kosa limemwangukia mbwa kwanza, na tabia kuharibika kumefuata nyuma. Hoja ya Kant inakula mtaji wa jambo inalolikana.

Mwanafalsafa Mwingereza Bentham alikwisha kusema mwaka 1789 kwamba la kuuliza si kama wanaweza kufikiri au kusema, bali kama wanaweza kuumia. Peter Singer akajenga juu ya hapo mwaka 1975: maumivu yaliyo sawa yapewe uzito sawa, yawe ya nani. Tom Regan, mwaka 1983, hakuridhika, kwani ukihesabu raha na maumivu tu, mmoja aweza kutolewa kafara kwa faida ya wengi. Kwake, mnyama ambaye maisha yake yaweza kumwendea vyema au vibaya yeye mwenyewe ana haki isiyouzwa. Mimi niko karibu na Regan. Na msome Christine Korsgaard, mfuasi wa Kant, ambaye mwaka 2018 alitumia misingi ya Kant huyo huyo kutetea kwamba wanyama ni wa kuthaminiwa kwa ajili yao wenyewe.

Mwenyezi Mungu ametuumbia wanyama tuwatumie. Haya ya wanafalsafa wa Ulaya yatuhusu nini sisi wa Mji wa Kale?

Ndugu yangu, mjadala huu si wa Ulaya peke yake. Huko Basra, katika karne ya 10, kundi la wanazuoni lililojiita Ikhwan al-Safa liliandika kisa kirefu ambamo wanyama wanawashtaki wanadamu mbele ya mfalme wa majini. Wanadamu wanajitetea kwa uzuri wa umbo lao, kwa akili zao, kwa ufundi wao, na wanyama wanajibu dai moja baada ya jingine. Mwishowe wanadamu wanashinda, lakini kwa ahadi ya uzima wa milele. Kwa nguvu na akili pekee wasingeshinda.

Tena unaijua ile hadithi iliyopokewa na Abu Daud, ya ngamia aliyelia alipomwona Mtume. Mtume alimwambia mwenye ngamia kwamba mnyama huyo amemshtakia: anatiwa njaa na kuchoshwa. Tazama mlalamikaji ni nani hapo. Ruhusa ya kutumia ipo, sikatai, lakini imekuja na masharti, na kunoa kisu na kumpa mnyama raha wakati wa kuchinja ni mojawapo. Anayemburuta mbuzi kwa mguu mmoja hadi machinjioni amelivunja sharti kabla hata ya kupiga bismillahi.

Supu ya pweza naipenda. Pweza hana hata damu nyekundu. Huyo naye aumia kweli?

Damu yake ni ya buluu, na dalili zote zaonyesha kwamba anaumia. Ana seli za neva karibu milioni 500, nyingi zikiwa kwenye mikono yake. Katika jaribio lililochapishwa 2021, pweza waliodungwa asidi walikikwepa chumba walikoumia, na walipotiwa ganzi wakakipenda chumba walikopata nafuu. Uingereza iliwaingiza pweza, ngisi, kaa na kamba katika sheria ya viumbe wenye hisia mwaka 2022. Mvuvi anayemmaliza mara moja kwa kisu katikati ya macho ametenda wema. Kumwacha ajifie polepole ndooni juani, hapana.

Kunguru wametushinda hapa Majengo. Waunga mkono watiliwe sumu?

Hili ndilo gumu kuliko yote. Kunguru wa India si ndege wa hapa, na hula mayai na makinda ya ndege wa asili. Mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja kwa sumu iitwayo Starlicide. Wanafalsafa wamegawanyika hapa. Aldo Leopold, katika maandishi yaliyotoka 1949, aliona jambo ni sawa likilinda uzima wa jamii nzima ya viumbe. Regan aliuita mtazamo wa namna hiyo ufashisti wa mazingira, kwa kuwa kiumbe mmoja mmoja anapotea ndani ya hesabu.

Nakubali wapunguzwe, maana kinda anayedonolewa akiwa hai kiotani naye anaumia, na hana wa kumsemea. Lakini kunguru ni miongoni mwa ndege wenye akili kubwa kabisa, na sumu hiyo haiui papo hapo. Ndege huondoka nayo tumboni akaenda kufa baadaye. Kwangu, sumu ni ya mwisho. Kunguru hufuata chakula, na chakula chao ni taka zetu: utumbo wa samaki unaomwagwa nyuma ya soko, mapipa ya hoteli yasiyo na vifuniko. Anzeni hapo. Kisha toeni viota kabla mayai hayajaanguliwa, na penye mitego, anayeifungua awe amefundishwa kumuua ndege kwa pigo moja, papo hapo.