Bunduki ya Mitutu Miwili Iliyopumzishwa Kabatini

Uwindaji wa wanyamapori ulipopigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, bunduki za marisau za mitutu miwili hazikutoweka, bali hatimaye nyingi ziliingia kabatini. Nyingi zingali humu Nairobi, zimerithiwa kutoka kwa wazee waliozitumia kuwindia kanga na kwale, na waliozirithi hushangaa kuona silaha iliyostahimili matope na mvua za porini ikiharibika ndani ya nyumba. Hakuna ajabu hapo. Bunduki ya mwindaji ilifunguliwa na kupanguswa kila jioni, ilhali iliyopumzishwa haiguswi na mtu mpaka kutu imekwisha kuila.

Yangu niliachiwa na marehemu baba. Ilitengenezwa Birmingham, haina nyundo za nje, na mtambo wake ni wa aina ile ambayo Anson na Deeley walipewa hataza yake mwaka 1875. Nilipoipokea ilikuwa ndani ya mkoba wake wa ngozi, wenye pembe za shaba na kitambaa chekundu ndani, nao ndio uliokuwa ukiidhuru, kwa sababu ngozi na kitambaa hunywa unyevu wa masika na wa manyunyu ya Julai, kisha huubana kwenye chuma. Kila mahali mtutu ulipolalia mshono palikuwa na mstari wa vidoa vya kahawia. Mkoba uwe wa safari tu. Nyumbani, bunduki ikae ndani ya sefu ya chuma iliyokazwa ukutani, na risasi zake zifungiwe kwingine.

Ikiwa itasimamishwa, isimamishwe midomo ikielekea chini. Wengi hufanya kinyume, tena baada ya kuimwagia mafuta kwa wingi wakidhani wanaitendea wema, na mafuta hayo huteremka polepole kupitia mtamboni hadi kwenye kitako. Mbao ya mjozi iliyolowa hivyo huwa nyeusi pale inapokutana na chuma, hulainika, na hatimaye hupasuka kwa mshindo wa risasi. Bonyeza hapo kwa ukucha: ikiwa mbao inabonyea, mpelekee fundi, ambaye akiwahi anaweza kuyavuta mafuta hayo kwa unga wa chaki. Kwa uso wa kitako, matone machache ya mafuta ya kitani yaliyosuguliwa kwa kiganja mpaka mbao ipate joto yanatosha.

Usafishaji wenyewe si kazi kubwa. Kwanza fungua bunduki, utazame chemba zote mbili, yaani matundu ya kutilia risasi, na kuzipapasa kwa kidole, hata kama umeifunga wewe mwenyewe jana. Halafu tenganisha mitutu na kitako, pitisha mdeki, yaani ufito wa kusafishia, wenye brashi ya shaba kuanzia upande wa chemba, fuata kwa kitambaa kikavu mpaka kitoke cheupe, umalizie kwa mafuta membamba kama ukungu. Kaa zaidi mbele ya chemba, mahali mtutu unapoanza kuwa mwembamba, kwa kuwa masizi na mabaki ya plastiki huganda pale na kuficha kutu chini yake. Kabla ya kufyatua tena, mafuta hayo yapanguswe, na mitutu itazamwe kwenye mwanga, maana nyigu wa udongo hujenga popote penye tundu, na mtutu ulioziba unaweza kupasuka. Skrubu za mtambo ziache kabisa. Mifuo yake ni myembamba mno kwa bisibisi za dukani, na skrubu iliyochubuliwa hushusha thamani ya bunduki nzima.

Yako majaribio mawili ninayoyaamini kuliko mng'aro wa chuma. Ondoa kishikio cha mbele, funga bunduki, uitikise: isicheze wala kugonga. Kisha ning'iniza mitutu peke yake na kuigonga kwa kijiti. Mizima hulia kama kengele, lakini ikitoa sauti butu, huenda lehemu ya ukanda unaoiunganisha imeachia na maji yanaingia chini yake.

Risasi ndizo zinazotaka uangalifu kuliko yote. Mitutu ya chuma cha Dameski, yenye mawimbi mazuri yaliyotokana na vipande vya chuma vilivyosokotwa pamoja, mara nyingi ilijaribiwa kwa baruti nyeusi tu, kwa hiyo tafuta chini ya mitutu maandishi NITRO PROOF au herufi NP, alama kwamba imejaribiwa kwa baruti isiyo na moshi, kabla ya kutia risasi za kisasa, na hata ukiyaona, fundi mwenye leseni apime kwanza unene wa chuma kilichobaki. Chemba nyingi za zamani zina urefu wa milimita 65. Risasi ya milimita 70 huingia humo bila taabu, kwa sababu mdomo wake umekunjwa, lakini ukikunjuka wakati wa kufyatua hukosa nafasi na shinikizo hupanda. Tena risasi ya kipimo cha 20, ambayo ni nyembamba kuliko ya 12, ikitumbukizwa katika bunduki ya kipimo cha 12, huteleza kupita chemba na kukwama mbele yake. Mtu akidhani hakutia kitu, akaongeza ya 12 nyuma yake, mtutu hupasuka karibu kabisa na mkono wake wa mbele. Nyumba yenye bunduki za vipimo vyote viwili isichanganye risasi hizo katika sanduku moja wala katika mfuko mmoja wa koti.