Shangazi Msafiri Anajibu: Siku nne Paris, foleni zisitumalize

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi, mume wangu na watoto wawili (miaka 9 na 15, mkubwa ni binti anayependa sana kuchora) tutafika Paris Jumatatu saa sita mchana na kuondoka Ijumaa asubuhi. Nimepanga kasri la Versailles Jumatatu, makumbusho ya Louvre Jumanne, halafu makumbusho ya Orsay na kanisa la Sainte-Chapelle siku zitakazobaki. Goti la mume wangu halimruhusu kusimama muda mrefu. Tununue ile pasi ya makumbusho, yaani tiketi moja ya kuingia sehemu nyingi, au tiketi moja moja?
Mama Wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Afadhali umeuliza kabla ya kulipa. Versailles hufungwa Jumatatu na Louvre hufungwa Jumanne. Ungefika kote kuwili ukakuta milango imefungwa. Nakwambia kwa uchungu, maana safari yangu ya kwanza nilifika Louvre Jumanne asubuhi, nikafurahi jinsi kulivyokuwa hakuna watu. Nilikaa ukingoni mwa bwawa lililo kando ya piramidi ya kioo ya Louvre robo saa nzima nikijisifu kwa kuwahi, mpaka mfagiaji aliponionyesha kibao.

Orsay nayo hufungwa Jumatatu. Kwa hiyo Jumatatu alasiri nendeni Sainte-Chapelle, ambayo hufunguliwa karibu kila siku ya mwaka. Kateni tiketi yenye saa. Ila kanisa hilo liko ndani ya jengo la mahakama, na ukaguzi wake ni mkali. Mkasi wa kucha na chupa ya kioo viacheni hotelini. Hapo ndipo wengi hujidanganya. Foleni ni mbili: ya kununua tiketi na ya kukaguliwa mizigo. Tiketi ya mtandaoni inakuondolea ya kwanza tu. Ya pili inapunguzwa na saa uliyochagua na udogo wa mkoba wako.

Jumanne msiingie makumbusho yoyote. Louvre ikifungwa, watu humiminika Versailles na Orsay, na sioni sababu ya goti la baba watoto kwenda kushindana nao. Tembeeni kando ya mto Seine, mwingie kanisa kuu la Notre-Dame, lililofunguliwa tena Desemba 2024 baada ya moto wa 2019. Kuingia ni bure, na mnaweza kujiwekea saa bila malipo.

Louvre iwe Jumatano, lakini jioni. Jumatano na Ijumaa hufungwa saa 3 usiku, na kuanzia saa 11 makundi yenye waongozaji huwa yameanza kuondoka. Piteni moja kwa moja kwa Mona Lisa, muondoe deni. Picha yenyewe ina sentimita 77 kwa 53, na mbele yake mtaona simu nyingi kuliko nyuso. Kisha mwambie binti yako ageuke. Ukuta unaoikabili Mona Lisa una mchoro wa Harusi ya Kana wa Veronese, karibu mita 10 kwa upana, na watu wote wameipa mgongo. Hapo atachora bila kusukumwa na mtu. Msingoje dakika za mwisho, maana wahudumu huanza kuwatoa watu kama nusu saa kabla ya kufunga.

Alhamisi asubuhi, Versailles. Chukueni tiketi ya mwanzo kabisa, ya 9:00, na treni ya RER C hadi kituo cha Versailles Château Rive Gauche. Na tafadhali, 9:00 ni saa tatu asubuhi! Rafiki yangu mmoja aliisoma kwa mazoea ya Kiswahili, akatokea saa tisa alasiri, tena kwa madaha, ameshika tiketi mkononi. Andikeni saa zote kwa maneno kwenye karatasi moja, iwe mfukoni mwa mtu mmoja.

Orsay hufunguliwa hadi saa 3:45 usiku siku hiyo hiyo ya Alhamisi. Wewe na binti nendeni wawili. Baba na mdogo wabaki walale, wala msiwaonee huruma.

Sasa pasi. Huuzwa ya siku 2, 4 au 6 mfululizo, na mpango wenu una sehemu nne tu kwa siku nne, moja kati ya hizo bila baba. Mimi nisingenunua. Isitoshe, hata ukiwa na pasi, Louvre, Versailles na Sainte-Chapelle bado zinakutaka uweke nafasi ya saa, na saa nzuri zikishaisha, pasi haikusaidii. Watoto wenu wako chini ya miaka 18, wanaingia bure sehemu zote nne, lakini wawekeeni nafasi pia pale fomu inapouliza. Tiketi ya euro sifuri nayo ina saa yake.

Nunua kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe. Zipo nyingine zenye majina yanayofanana, zinauza nafasi ile ile kwa bei ya juu. Mwaka mmoja nililipia "kuruka foleni" nikajikuta nimesimama nyuma ya mwanafunzi aliyelipa bei ya kawaida, naye ndiye aliyeingia kwanza.

Anza na Louvre ya Jumatano jioni. Ukishaipata hiyo, nyingine zipange kuizunguka.