Maswali ya Wasomaji: Salfa Ikishika Metali

Barua tulizopokea safari hii kutoka Kigoma na Tabora zinatofautiana sana, lakini zote zinagusa kitu kimoja: jinsi salfa inavyoshikana na metali, na nini huvunja mshikamano huo. Tumezifupisha kidogo.

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Nipo kwenye utafiti wa uzamili, na kipindi cha likizo naazima maabara ya sekondari moja hapa mjini. Natengeneza kompleksi, yaani shaba iliyoshikwa na ligandi (molekuli inayoishika metali); ligandi yangu ni diethildithiokabameti. Nilitia asidi ya salfuriki kidogo kwenye maji ya mrututu (kopa salfeti) ili yasifanye ukungu, kisha nikamiminia ligandi humo. Mashapo ya kahawia yalitoka, ila machache kuliko hesabu, na chumba kizima kikanuka. Sampuli niliyotuma Dar kupimwa NMR (kipimo cha sumaku kinachoonyesha muundo wa molekuli) imerudi na mistari iliyovimba isiyosomeka. Kosa liko wapi? — Mtafiti, Kigoma Mjini

JIBU: Makosa ni mawili na hayahusiani. Tuanze na lililokula mazao yako, nalo ni ile asidi.

Dithiokabameti hushika metali kwa atomi mbili za salfa zilizokaa kwenye kaboni moja. Ikipata protoni, ligandi hiyo huvunjika na kurudi ilikotoka, yaani amini na kaboni disalfaidi. Kwenye pH 2, yaani asidi kali, haimalizi hata sekunde moja. Kwenye pH 9, yaani ubesi, hukaa siku nyingi bila kuharibika. Ulipoimimina kwenye mrututu wenye asidi, sehemu yake ilikufa kabla ya kukutana na shaba, na harufu uliyoisikia ni ya mabaki yake. Kaboni disalfaidi si ya kuchezea: mvuke wake huwaka wenyewe kwenye joto la nyuzi 90 hadi 100 hivi, bila cheche wala moto. Sahani ya umeme iliyosahauliwa inatosha. Fungua madirisha yote, zima kila chenye joto.

Geuza mpangilio. Pima gramu 2.25 za chumvi ya sodiamu ya ligandi, ile yenye maji matatu ya fuwele (milimoli 10), uiyeyushe kwenye mililita 50 za maji yaliyotoneshwa. Kama kuna chembe zisizoyeyuka, chuja na uzitupe, maana chumvi iliyokaa kwenye chupa isiyofungwa vizuri huoksidishwa na hewa ikawa thiuramu disalfaidi, na hiyo haiyeyuki majini. Ukiiacha itajificha ndani ya mashapo yako. Kwenye bika nyingine yeyusha gramu 1.25 za mrututu safi wa maabara (milimoli 5) katika mililita 50 za maji, bila asidi. Sasa dondosha shaba ndani ya ligandi, taratibu, huku unakoroga, kwa dakika 15 hadi 20. Kwa njia hiyo ligandi inabaki kwenye maji yenye ubesi karibu muda wote. Koroga nusu saa zaidi, chuja, suuza kwa maji hadi maji ya kusuuzia yasifanye weupe ukiyatia tone la bariamu kloridi. Malizia na ethanoli baridi kidogo, kisha kausha kwenye desiketa (chombo cha kukaushia kisichopitisha hewa).

Hesabu kamili ni gramu 1.80. Usitumie kloridi ya shaba badala ya mrututu kwa sababu tu ndiyo iliyopo kabatini: shaba ikizidi kidogo, kloridi huingia kwenye kompleksi na kuchukua nafasi ya ligandi moja, na huwezi kuliona hilo kwa macho. Kwa fuwele, yeyusha bidhaa kwenye klorofomu ya uvuguvugu, kiasi kidogo kabisa kinachotosha, kisha mwagia ethanoli juu yake polepole pembeni mwa chupa ili zisichanganyike. Funika bila kukaza. Fuwele nyeusi zenye wekundu wa kahawia huota kwenye mpaka wa vimiminika viwili.

Kuhusu NMR, hakuna kilichoharibika. Shaba(II) ina elektroni moja isiyo na mwenzake, na hiyo ndiyo inayovimbisha mistari. Pesa ya kipimo hicho imepotea bure. Ukitaka NMR nzuri, tengeneza pacha wake wa nikeli (kijani) au wa zinki (nyeupe) kwa vipimo vilevile vya moli. Nikeli hapa hukaa kwenye mraba bapa, elektroni zake zote zimeoana, mistari hutoka myembamba. Ile ya shaba ipime kwa mwanga, kazi ambayo hata spektrofotometa ya kawaida inaiweza. Weka miligramu 18 kwenye chupa ya ujazo ya mililita 100, jaza klorofomu, kisha chukua mililita 10 za hiyo uzijaze tena hadi 100. Kwenye nanomita 436 hivi, kwa kikombe cha sentimita 1, usomaji uwe karibu na 0.65. Ukiwa chini sana, kuna uchafu au umekosea kupima. Rangi hii ni kali kiasi kwamba Mfaransa Marcel Delépine aliipendekeza mwaka 1908 kama njia ya kutafuta shaba kidogo ndani ya maji, na bado inatumika.

Kwenye infraredi tafuta mambo mawili tu: mstari wa kaboni na nitrojeni karibu na 1500 kwa sentimita, na wa kaboni na salfa karibu na 1000. Ule wa 1000 ukiwa mmoja, salfa zote mbili zimeshika shaba. Ukigawanyika mara mbili kwa tofauti ya 20 au zaidi, huenda moja inaning'inia.

SWALI: Nachoma kompleksi ya zinki ya aina hiyohiyo nipate zinki salfaidi. Hesabu inasema mabaki yawe asilimia 27, mimi napata chini ya 10. — Mwanafunzi, Tabora

JIBU: Bidhaa yako inapaa kabla ya kuvunjika. Kompleksi hii ya zinki ni nyepesi kugeuka mvuke. Angalia sehemu ya juu ya bomba lako, iliyo baridi, utakuta unga mweupe umeganda. Ipashe ndani ya oleilamini (amini iliyo kimiminika) chini ya nitrojeni. Amini huishambulia ligandi, hivyo huvunjika kwa joto dogo zaidi na hakuna kinachokimbia.

SWALI: Shikamooni. Nalima nyanya Kasulu. Nachanganya mancozeb, dawa ya ukungu, na mrututu niliouzima kwa chokaa, bomba moja, ili nisipige mara mbili. Jirani anasema naua dawa. Na unga wa mancozeb uliolowa mvua, nikiuanika unafaa? — Mkulima, Kasulu

JIBU: Marahaba. Jirani yako ana haki, ila mwenye kosa ni chokaa, shaba haina neno. Mancozeb ni dithiokabameti pia, yenye manganizi na zinki, na maji makali ya chokaa huivunja. Shaba ya dukani isiyoyeyuka, kama kopa haidroksaidi, wakulima wengi duniani huichanganya na mancozeb, tena mchanganyiko huo huwa mkali zaidi kwa bakteria wa madoa ya nyanya, kwa sababu salfa huiachia manganizi na kuishika shaba, inayoipenda zaidi, na kuibeba hadi kwenye jani. Soma kwanza vibandiko vya dawa zote mbili. Mrututu mtupu bila chokaa usijaribu, utaunguza majani.

Kipimo cha unga wa asilimia 80 kwa kawaida ni gramu 40 hadi 50 kwa bomba la lita 20. Koroga kwanza kwenye ndoo ndogo upate uji mwepesi, ndipo ujaze. Piga siku hiyohiyo. Iliyolala ndani ya bomba imeshapungua nguvu.

Unga uliolowa usiuanike. Unyevu na joto huuvunja, hupata moto ndani kwa ndani na kutoa gesi zinazowaka. Pia hutengeneza ethilinithiourea, kemikali inayosumbua tezi ya shingo. Hiyohiyo hutokea mabaki ya dawa yakichemka na mboga, ndiyo maana nyanya huoshwa kabla ya kukatwa, na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti huheshimiwa. Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza kibali cha mancozeb mwishoni mwa 2020. Wakulima wa tumbaku wa Urambo na Sikonge wanaoitumia nao wajue hivi: maabara za wanunuzi haziitafuti mancozeb yenyewe. Huchemsha jani na asidi pamoja na kloridi ya bati, kisha hupima kaboni disalfaidi inayotoka. Dithiokabameti yoyote, ya jina lolote la dukani, itaonekana.

SWALI: Ng'ombe wangu weusi wanageuka rangi ya kutu, na machoni wamezungukwa na duara jeupe kama miwani. Majani yapo. Wengine wanasema ni minyoo. — Mfugaji, Igunga

JIBU: Minyoo ichunguzwe, lakini hiyo miwani inaelekeza kwenye upungufu wa shaba. Na shaba inaweza kuwepo kwenye majani isifike mwilini. Ndani ya tumbo kubwa, salfa ya chakula na ya maji ya kisima hugeuzwa salfaidi; ikikutana na molibdeni, metali nyingine iliyomo malishoni, hutengeneza thiomolibdeti, ambayo huifunga shaba kiasi kwamba utumbo hauwezi kuichukua. Hatari huanza pale shaba ya malisho inapokuwa chini ya mara mbili ya molibdeni. Visima vyenye chumvi za salfeti huongeza tatizo.

Mwombe daktari wa mifugo apime damu, na siku mkichinja achukue kipande cha ini, maana akiba ya shaba iko huko na damu hudanganya. Tafadhali usiwalambishe mrututu kwa kukisia. Na kama kondoo wanalamba jiwe lilelile, watenge mapema: dozi anayoistahimili ng'ombe humuua kondoo.

SWALI: Bangili za fedha za bibi nilizifunga na mpira wa kubania noti. Zimeweka mstari mweusi palepale ulipogusa mpira. Zitasafishika? — Msomaji, Ujiji

JIBU: Zitasafishika. Mpira hukomazwa kwa salfa, mara nyingi kwa msaada wa dithiokabameti ya zinki, na salfa hiyo imehamia kwenye fedha. Tandika karatasi ya aluminiamu ndani ya bakuli la plastiki au udongo, weka bangili ziiguse, mwagia nusu lita ya maji ya moto yenye kijiko kikubwa cha baking soda. Utasikia harufu ya yai viza. Ni salfa inatoka. Dakika tano, suuza, kausha. Zenye vito, lulu au nakshi iliyotiwa weusi makusudi usizitie humo. Mara nyingine zifunge kwa kitambaa cha pamba.