Rozari ya mama mkwe haikatiki yenyewe

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni Mlutheri, mume wangu Mkatoliki. Mama mkwe amehamia kwetu Tabata, na kila saa mbili usiku anawakusanya wanangu sebuleni kuabudu wafu. Juzi rozari yake ilikatika, sasa ananinunia. Nifanyeje asiwaharibie watoto imani? — Mama wa wawili*

Marahaba. Pole kwa kununiwa, ila rozari haikatiki yenyewe, mwanangu.

Siku mama akisali Litania ya Watakatifu, tega sikio. Kwa Mungu anaitikia "utuhurumie". Akifika kwa Maria, Yosefu na Petro, "utuombee". Mpaka wa Wakatoliki uko hapo: anaabudiwa Mungu peke yake, mtakatifu anaombwa atuombee. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, uliandika hivyo 1563. Hata Salamu Maria, nusu ya kwanza imetoka Luka 1:28 na 42, imo kwenye Biblia yako. Ubishi unaanzia "utuombee sisi wakosefu".

Na kwenu kuna hoja. Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani ya Walutheri, ibara ya 21, linasema watakatifu wakumbukwe na imani yao iigwe, lakini Maandiko hayafundishi kuwaomba. Mpatanishi ni Kristo, 1 Timotheo 2:5. Basi hulazimiki kuitikia. Kaa nao, hapo nyamaza, Baba Yetu itamke kwa sauti. Makumi matano ya rozari, yaani Salamu Maria kumi mara tano, ni kama dakika 20. Wakimaliza, wasomee watoto Injili.

Sasa, mbona hukusema mlifungia ndoa wapi? Kama ni kwa Wakatoliki kwa ruhusa ya ndoa mseto, mumeo aliahidi kufanya kila awezalo watoto wabatizwe na kulelewa Ukatoliki, na wewe ukajulishwa. Ahadi ni ya mwana, unamshtaki mama! Mabinti wa siku hizi mnakubaliana ukumbi, keki na rangi ya sare. Dini ya watoto eti "tutaongea mbele". Mbele ndiyo hii.

Nionavyo mimi, watakatifu umewasingizia. Kinachokukera ni mama kuhamia, na sebule kuchukuliwa saa ya tamthilia. Usiyempenda, hata akitembea juu ya maji utasema anakutimulia vumbi.

Okota zile chembe uzihesabu: 59, na msalaba wake. Zikipungua, mnunulie nyingine parokiani, ya plastiki inatosha, naye ataipeleka kwa padri ibarikiwe. Mpe mkiwa wawili tu, umwombe radhi. Mumeo asiwepo.