SCT Si Dari: Swali Lililoniangusha Mtihani wa Urubani

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, ripoti ya hali ya hewa inasema SCT012 BKN025. Dari ya mawingu ni futi ngapi?" Moyo ulinilipuka. Swali la namna hiyohiyo ndilo lililoniangusha.

Ulikuwa mtihani wa mdomo. METAR, yaani ripoti ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege, iko mezani, kidole cha mtahini kiko chini ya SCT014. Nikajibu bila kusita: "Dari ni futi 1,400." Hakusema neno. Alifunika kalamu yake, kifuniko kikalia tak, akaniambia nirudi nikishajiandaa. Sikuambiwa nimekosea wapi, na sitaficha, jambo hilo linaniuma mpaka leo. Nilikwenda kulitafuta kosa mwenyewe, usiku, macho yamevimba.

Nilidhani wingu la kwanza kutoka chini ndilo dari. Sivyo! Anga hugawanywa mafungu 8, yaitwayo okta. FEW ni okta 1 hadi 2, SCT 3 hadi 4, BKN 5 hadi 7, na OVC ni zote 8. Dari ni tabaka la chini kabisa linaloziba zaidi ya nusu ya anga, kwa hiyo tafuta BKN au OVC. SCT haivuki nusu. Ndugu yangu, dari yako ni futi 2,500. Ukikuta VV002, anga imezibwa, pengine na ukungu, na uwezo wa kuona kwenda juu ni futi 200 tu. Hiyo nayo ihesabu kuwa dari.

Halafu kuna mtego mwingine. Zile tarakimu tatu ni mamia ya futi kutoka usawa wa uwanja, ilhali altimita, kipimo cha urefu ndani ya ndege, ikiwekwa QNH (shinikizo la hewa lililorekebishwa hadi usawa wa bahari) inasoma kutoka usawa wa bahari. Uwanja ukiwa futi 3,000 juu ya bahari, BKN012 utaikuta altimita ikisoma 4,200.

Mara ya pili mtahini mwingine aliniuliza dari, nikamjibu, na habari ya altimita nikamweleza kabla hajaifikia. Nilitoka pale kifua mbele.

Sisi tunaotaka kurusha ndege tuache kukariri herufi. Abiria hatakuuliza SCT ni nini, anaamini unajua. Chukua ripoti iliyotoka sasa hivi, toka nje, tazama juu, ugawe anga mafungu 8 kwa macho yako. Kisha soma matabaka kutoka kushoto, maana huandikwa kuanzia la chini. Ukikuta FEW au SCT, pita, endelea kulia.