Nyumba ya babu Ujiji: niliyojifunza kabla na baada ya kuinunua

Watu wanaponiuliza gharama ya kuifufua nyumba ya marehemu babu yetu kule Ujiji, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, hutegemea niwatajie mifuko ya saruji na bei ya bati. Ukweli ni kwamba karibu muda wangu wote wa mwaka wa kwanza ulikwenda kwenye mirathi. Babu alifariki dunia na hakuna aliyekwenda mahakamani kuomba usimamizi, hivyo kwa zaidi ya miaka 30 nyumba ikabaki kuitwa ya familia, maana yake kila mmoja alikuwa na haki ndani yake lakini hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuiuza. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akiishi humo, alikuwa tayari kunikabidhi ufunguo kwa karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Nashukuru kwamba nilisita, kwa sababu muhuri ule unathibitisha tu kuwa watu fulani walikutana wakatia saini; haumpi mtu uwezo wa kuuza kisicho chake peke yake.

Tuliitisha kikao cha ukoo, tukampendekeza baba mdogo awe msimamizi wa mirathi, naye akapeleka maombi Mahakama ya Mwanzo pamoja na muhtasari wa kikao. Babu aliacha watoto watano, wa kiume watatu na wa kike wawili, na bibi alikuwa amemtangulia. Kwa mgawo wa sheria ya Kiislamu, ambapo wa kiume hupata mara mbili ya wa kike, nyumba ikahesabiwa mafungu 8. Marehemu baba yetu alikuwa na mafungu 2, ambayo yalishuka kwetu sisi wanawe. Hesabu ni rahisi, ila kuwapata wenye mafungu ni kazi, kwani wengine walikuwa Bujumbura na wengine Kalemie, ng'ambo ya ziwa, jambo ambalo halimshangazi yeyote aliyezaliwa katika ukoo wa Kimanyema, wenye asili ya mashariki ya Kongo. Kwa hiyo, kabla hujataja bei, andika majina ya warithi wote, hata wale ambao hawajaonekana msibani miaka mingi, na kila mmoja atie saini akiisha kulipwa fungu lake.

Shangazi yangu mkubwa alikataa fedha kwanza. Aliniambia, "Mwanangu, hizo nitazila ziishe. Mimi nataka chumba changu cha uani." Wapo walionishauri nimwahidi kwa mdomo tu, lakini niliona si haki, kwa kuwa ahadi ya mdomo ingekufa siku ambayo mimi nisingekuwepo. Tukaandika katika mkataba kwamba atakaa katika chumba hicho hadi mwisho wa uhai wake, na bei ya fungu lake tukaipunguza kwa maelewano. Sijajutia kifungu hicho hata siku moja.

Baada ya mahakama, ofisi ya ardhi. Kiwanja kilikuwa bado kwa jina la babu, kwa hiyo ilibidi kwanza msimamizi aandikishwe, ndipo ahamishe umiliki kwangu. Fanya upekuzi rasmi wa kumbukumbu za kiwanja kabla ya kulipa hata shilingi moja, na utenge fedha ya ada na ya ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1. Kagua pia mita ya umeme: tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na unaweza kununua umeme siku ya kwanza ukashangaa uniti zimekwenda wapi.

Sasa nije kwenye kuta, ambako niliteleza. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, biashara ilihamia bandarini na Ujiji, ambao ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo, ukabaki na nyumba zake za zamani. Nyumba yetu imejengwa kwa matofali mabichi, yaani udongo uliokaushwa juani, na fundi wa kwanza niliyemchukua alinishawishi kwamba dawa ya kuta zile ni kubandua udongo wote wa juu na kupiga lipu ya saruji nzito. Ilipendeza mno. Msimu wa pili wa mvua, nikiwa nimeketi barazani asubuhi, nilisikia kishindo sebuleni. Nikakuta bamba la lipu la ukubwa wa mkeka limelala sakafuni, na nyuma yake udongo ulikuwa umelainika hata kidole changu kikazama hadi kiungo cha pili.

Mzee mmoja fundi, aliyezoea kuta za namna hiyo, alinieleza sababu bila kunicheka, ingawa nadhani alikuwa na haki ya kucheka. Ukuta wa udongo hunyonya unyevu kutoka chini na kuutoa kupitia uso wake. Ukiufunika kwa saruji, unyevu haupati pa kutokea, hivyo hupanda juu zaidi na kukaa nyuma ya lipu, huku udongo ukivimba na kusinyaa na saruji ikibaki imekakamaa, mpaka vikaachana. Tuliibandua saruji, isipokuwa ya vyumba viwili vya mbele, tukaziacha kuta zikauke kiangazi kizima, kisha tukapiga lipu ya chokaa kwa kipimo 1 cha chokaa kwa 3 vya mchanga, tukiinyunyizia maji kila siku ili isikauke kwa pupa. Kabla ya hapo alinilazimisha nianze na paa. Tulifunga gata, tukachimba mfereji wa kuyapeleka maji mbali na msingi, kwa sababu matone ya mchirizi ndiyo yaliyokuwa yakiula ukuta kutoka chini. Kuhusu mbao, chukua bisibisi uchome kila boriti na kila kenchi hasa pale inapoingia ukutani. Mchwa huacha ganda zuri nje na unga ndani.

Jambo moja zaidi. Mfanyabiashara alikuja akitaka kuununua mlango wa mbele pamoja na fremu yake ya nakshi, kwa bei ambayo ingelipia bati zote. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataja milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya 1940 miongoni mwa vitu vinavyolindwa, na wetu ni wa kabla ya hapo kwa simulizi zote za nyumbani. Ukiwa na mlango wa aina hiyo, waulize watu wa Idara ya Malikale, inayoshughulikia mambo ya kale, kabla hujaugusa, na kibali cha matengenezo makubwa ukakiombe Manispaa. Wetu tuliupaka mafuta tu, tukabadilisha bawaba moja.

Vyumba viwili vya mbele bado vina ile saruji ya fundi wa kwanza. Nitaibandua mvua zikikatika, na hadi wakati huo nimekataza mtu yeyote kulaza kitanda karibu na ukuta.